Mbwa wa Memsabu na Tumbo la Jumatatu

Walisema mbwa wa Memsabu anakunya dhahabu.

Mnisamehe kwa neno hilo mwanzoni kabisa, lakini ndivyo lilivyosemwa bombani tunapoteka maji, na mimi nimeahidi kuwaandikia mambo yalivyokuwa. Nililisikia siku ya Jumanne nikalipuuza. Likanisindikiza mpaka nyumbani kama mbegu ya kishona nguo iliyonasa kwenye pindo la kanga.

Kwa msomaji anayenikuta leo: mimi ni Bernadina, mama yake Paskazia, mzaliwa wa Samuye. Nimesoma kwa masista mpaka darasa la nne, nikaishia hapo. Juma lililopita mlinisoma tukifukuzwa katika nyumba yetu ya kwanza, hapa kambini mgodini upande wa Geita, kwa sababu mbuzi wangu alikula pazia la karani. Mume wangu, Ignas, akapata bahati nyingine: upishi nyumbani kwa Bwana Injinia, mzungu wa kinu cha kusagia mawe. Lakini karani alituonya: "Mkifukuzwa tena, lori linawashusha Shinyanga, na hamrudi."

Kurudi Shinyanga si aibu. Nyumbani ni nyumbani. Ila Paskazia alikuwa darasa la pili katika shule ya kambini, na kutoka kwetu Samuye mpaka shuleni ni mwendo wa kuondoka na jogoo. Mimi mwendo huo ndio ulionitoa shule. Kwa hiyo kila nilichofanya mwaka ule wa hamsini na tatu, hata kile cha aibu, nilikifanya ili lori lile lisisimame mlangoni kwangu.

Sasa mbwa.

Jina lake Tofi. Alikuwa wa Memsabu, mke wa Bwana Injinia. Mbwa wa kahawia, mdogo, ungemtia ndani ya kapu la mayai na nafasi ikabaki. Alilala juu ya mto. Alikula kuku wa kuchemsha na wali, vijiko vinne asubuhi na vinne jioni, na karatasi ya vijiko hivyo ilibandikwa ukutani jikoni, mahali ambapo watu wengine hutundika Bikira Maria.

Na kila Jumatatu tumbo lake liliharibika.

Si Jumapili, si Alhamisi. Jumatatu. Alifura kama ngoma, akatapika, akaharisha kwenye zulia. Memsabu akalia, Ignas akapiga deki. Jumatano mbwa mzima, anabwekea kuku. Jumatatu inayofuata, deki tena.

Basi pale bombani akaja Mbuke, jirani yangu, ambaye mumewe alichimba shimo la chini, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Paskazia."

"Mwangaluka, mayu."

"Hivi umeshajiuliza kwa nini ni Jumatatu?"

"Nini Jumatatu?"

"Jumamosi wanayeyusha dhahabu pale kinuni. Waume zetu wakitoka getini wanapekuliwa mpaka kwenye meno. Mbwa anapekuliwa na nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mbwa analishwa punje Jumapili, anatolewa matembezi nje ya geti, Jumatatu mzigo unashuka. Mimi sijasema kitu. Ninauliza tu, nani anamlisha?"

Nikaacha kucheka. Aliyemlisha Tofi alikuwa mume wangu.

Ignas aliporudi nikamwekea maji ya kunawa, nikaanza taratibu.

"Baba Paskazia, yule mbwa ana nini?"

"Ana Memsabu."

"Ninauliza tumbo."

"Na mimi nakujibu tumbo. Ukibusiwa mchana kutwa, hata wewe utatapika."

"Watu wanasema..."

"Watu wanasema nini?"

Nikammiminia maji mengine. Ukishamuuliza mumeo kama ni mwizi, hata akisema la, swali linalala kitandani katikati yenu.

"Wanasema amekonda," nikajibu.

"Mbwa?"

"Wewe."

Akafurahi, akala mara mbili.

Mimi sikula. Nilifikiri hivi: nikichunguza mwenyewe nisione kitu, nitakuwa na ushahidi. Ushahidi huo ningempelekea nani, sikufikiri. Darasa la nne lina mipaka yake.

Jumatatu ile nikachukua chekeche la unga na ndoo ya maji. Nikazunguka nyuma ya nyumba ya Bwana Injinia, pale zinapoanikwa nguo, pale Tofi alipokuwa ameshafanya yake. Nikajifunga kanga puani. Nikaosha, nikachekecha, kama wanavyoosha mchanga wachimbaji wadogo kule mtoni.

Hakukuwa na kitu. Nikasema Mungu asante.

"Mama Paskazia!"

Nikageuka. Herman, askari wa getini, na rungu lake.

"Shikamoo, Bwana Herman."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Ninafua."

"Kwa chekeche?"

Nikalitikisa chekeche kama ninayefua kweli. Herman akatazama chekeche. Akatazama ndoo. Akamtazama Tofi aliyelala kivulini na tumbo juu, kisha akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Miaka saba ninalinda geti lile," akasema. "Nimepekua viatu. Nimepekua nywele. Nimemfungua mtu kidonda ili nitazame ndani ya bandeji. Kumbe inapita hapa, chini ya shuka za Memsabu."

"Hakuna kitu, Bwana Herman! Tazama mwenyewe!"

"Haiwezi kuwamo. Umeshaitoa."

"Nakuapia kwa Mungu!"

"Usiape, mama. Mimi siyo mtu wa kusema maneno kwa Bwana." Akasogea, akashusha sauti. "Jumatatu ijayo tunachekecha pamoja."

Ndivyo nilivyokwenda kuua uvumi nikauzalia mapacha.

Herman hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe. Kufika Ijumaa kambi nzima ilikuwa inajua.

Watu wakaanza kuja kumsalimu Tofi. Watu ambao hata wakwe zao hawakuwasalimia. Huyu na dagaa, yule na utumbo wa mbuzi, mwingine na yai la kuchemsha. "Ale, apate nguvu," walisema. Mbwa aliyepimiwa vijiko vinne akawa anakula kama mtu aliye harusini, kwenye mlango wa nyuma, kila Memsabu akiingia ndani.

Wanawake wakaja na mafagio. Bila kuitwa. Walifagia uani asubuhi, walifagia mchana, na kila mmoja alikuwa na kopo chini ya kanga. Tofi akichuchumaa tu, utadhani kengele ya kanisa imelia.

Memsabu akatoka barazani, macho yamemlegea kwa furaha.

"Ignas! Watu yako mzuri sana! Kila siku nafagia, hapana ngoja kuambiwa. Mimi nataandika barua kwa mama yangu Ulaya."

"Ndiyo, Memsabu," akajibu Ignas, ambaye peke yake kambini hakujua lolote. Mpishi hukaa jikoni. Habari humfikia zikiwa zimepoa.

Kisha akaja Donatus, dresa wa dispensari, mfunga vidonda na mgawa dawa. Donatus huyu wachimbaji humpangia foleni tangu alfajiri, mtu na kichwa chake kinachomuuma, na huwafungulia dirisha akishamaliza chai. Kwa Tofi alikuja kwa miguu yake, chupa mkononi.

"Hiyo ni nini, dresa?" nikamuuliza.

"Chumvi ya haluli."

"Mbwa anaharisha, wewe unampa haluli ya kumharisha zaidi?"

"Mama Paskazia, wewe hukusomea. Kitu kizito hukaa chini. Kinataka kusukumwa."

"Kitu gani kizito?"

Akanitazama kwa huruma. "Na wewe unaniuliza mimi?"

Akamnywesha. Jumatatu hiyo Tofi aliharisha mpaka Jumatano. Alhamisi hakusimama. Macho yalimzama, pua ikakauka, na mkia ambao haukujua kutulia ukalala sakafuni kama utambi.

Herman alikuja na kopo lake, akamwona, akaondoka bila kuchekecha. Hata uchu una mwisho wake.

Memsabu akapiga simu kwa daktari wa mifugo aliyekuwa Shinyanga. Mama yangu Samuye ana ng'ombe sita. Amezeeka nao, wamekufa mbele yake kwa homa na kwa kupe, na daktari wa mifugo humsikia kwa jina tu. Kwa Tofi alifika siku ya pili, gari zima vumbi, na sanduku la sindano.

Alikuwa mzungu kijana, Kiswahili chake kimenyooka. Akamsikiliza Memsabu habari za kila Jumatatu, akapiga magoti barazani, akamminya Tofi tumbo, akamnusa mdomo, akamtia sindano. Kisha akasema:

"Hii si sumu. Mbwa huyu anakula takataka ya kila aina, na kabla ya hapo alikuwa anakula kitu kimoja kinachofura tumboni. Kila juma. Nani anampa?"

Tukaitwa wote tuliogusa nyumba ile: dobi, mtunza bustani, Herman, Ignas, na mimi. Tukapangwa barazani kama wezi wa kuku.

Kila mtu akatazama miguu ya mwenzake.

Bwana Injinia hakuwa mtu wa maneno mengi. "Hapana mtu nasema? Basi mpishi nakwenda leo. Lori iko tayari."

Ignas alitazama aproni yake. Alikuwa ameipiga pasi asubuhi ile.

Kutoka upande wa shule nilisikia watoto wakiimba jedwali la mbili. Mbili mara tatu, sita. Mbili mara nne, nane. Sauti ya Paskazia sikuweza kuitenga na za wenzake, lakini ilikuwamo.

"Jumapili anakula kwangu," nikasema.

Ignas akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Anakula nini?" akauliza daktari.

"Matobolwa."

Memsabu akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama daktari. Daktari alikuwa ameshikilia mdomo.

Nikaeleza. Jumapili Bwana na Memsabu wakienda ziwani, Ignas huenda misa ya kwanza na mbwa huachiwa mimi. Na kwetu mtoto wa mtu akishinda kwako harudi kwao na tumbo bapa. Watamuuliza amekula nini, atasema hakuna, na jina lako limekwisha. Tofi siku ya kwanza aliniangalia nikitafuna matobolwa, yale mama yangu anayonitumia kwa gunia: viazi vitamu, umevichemsha, umevikata, umevianika juani mpaka vimekuwa vigumu kama ngozi. Nikampa kipande. Akakitafuna kama nyama. Nikampa kingine.

"Ulimpa vingapi?"

"Mpaka aliposhiba mwenyewe."

"Na maji?"

"Alikunywa bakuli zima. Nilifurahi. Mtoto aliyekula vizuri hunywa vizuri."

Daktari akaniagiza nilete. Nikakimbia, nikarudi na vipande vitatu. Akavitia ndani ya glasi ya Memsabu, akamwaga maji, akawasha sigara. Sigara ilipokwisha, glasi ilikuwa imejaa, na vile viazi vilikuwa vimechungulia nje kama watu dirishani.

"Kumbe," akasema Herman. Lilimtoka kwa uchungu wa kweli.

Memsabu alikuwa analia. "Kwa nini wewe nafanya hivi kwa Tofi?"

"Memsabu, nilikuwa ninamheshimu."

Daktari alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini kando ya mbwa. "Huyu mama hakumdhuru," akawaambia. "Amemkirimu."

Sasa ninakiri kwenu jambo ambalo pale barazani sikulikiri. Jumatatu ya tatu, zamani kabla ya chekeche, wazo la matobolwa lilinipitia kichwani. Nikalifukuza. Hata uvumi ulipokuja, afadhali mbwa awe na dhahabu tumboni, nilijiambia, kuliko mtu aseme chakula cha mama yangu kinaleta ugonjwa. Kwa fahari hiyo ndogo ya gunia moja, nilimwacha mume wangu asimame na aproni mbele ya lori.

Siku mbili Ignas alikula akinigeuzia mgongo. Ya tatu akasema, "Ungeniambia, ningemwekea kwenye karatasi: vijiko vinne, na tobolwa nusu." Nikajua amenisamehe.

Tofi akapona. Na mimi niliyedhani nitafukuzwa nikapata zawadi, na zawadi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Bwana na Memsabu walikuwa wanakwenda likizo Ulaya, miezi minne. Memsabu akaniita, akanipa kapu la Tofi, mto wa Tofi, na karatasi ya vijiko.

"Wewe tu nasema kweli katika nyumba hii," akasema. "Tofi nakaa kwako. Mimi narudi, Tofi mzima, Ignas nakaa. Mimi narudi, Tofi hapana mzima..."

Akashindwa kumaliza. Bwana Injinia akammalizia: "Lori."

Nikarudi kambini nimekumbatia kapu. Nikapitia bombani makusudi, wanawake wakiwa wengi, nikatangaza.

"Sikieni nyote! Hakuna dhahabu, haikuwahi kuwako. Yalikuwa matobolwa!"

Mbuke akatua ndoo.

"Matobolwa," akasema.

"Matobolwa, mayu. Daktari ameona kwa macho yake."

"Ndiyo, Mama Paskazia." Akawakonyeza wenzake. "Unapasua tobolwa katikati, unatia, unafunga. Nani atapekua kiazi? Masista walikufundisha."

"Yaya, siyo hivyo, Mbuke! Sikiliza!"

"Ninakusikiliza. Bwana Injinia amekamata mwizi wa dhahabu, halafu hamfukuzi, anamkabidhi mbwa miezi minne mizima. Hata mimi ambaye sikusoma ninaelewa hesabu hiyo. Mnagawana na mzungu."

Wakaguna wote kwa pamoja, ule mguno wa watu waliotosheka.

Wakubwa wakaondoka Ijumaa. Nilimlisha Tofi kwa kijiko, nikihesabu kwa sauti. Jumamosi hakutoka mlangoni. Jumapili ikafika, nami nina miezi sijaenda misa ya kwanza na mume wangu kwa sababu ya mbwa. Paskazia alikuwa amefuliwa gauni. Nikasema saa moja tu, Mungu naye ana haki yake. Nikamlaza Tofi kapuni, nikatia komeo, nikafunga na kamba.

Padre siku hiyo alihubiri ndama wa dhahabu. Kanisa zima likageuka kunitazama.

Na mimi nikalitazama kanisa. Mbuke, ambaye hukaa benchi la mbele ili aonekane, hakuwako. Herman hakuwako. Donatus, anayeshika kikapu cha sadaka, hakuwako.

Nikamvuta Ignas mkono kabla ya baraka.

Tulikuta kamba imefunguliwa kwa ustadi, imekunjwa na kuwekwa juu ya kizingiti. Hawakuvunja kitu. Mto uko. Karatasi ya vijiko iko. Kapu limekwenda, na Tofi ndani yake. Na kutoka nyuma ya mlango limekwenda gunia la matobolwa, zima, sijagusa hata robo.

Ignas akakaa kizingitini na koti lake la Jumapili.

"Miezi minne," akasema. "Sisi hata siku tatu hatukumaliza."

Paskazia alikuwa ameshatoka nje, anaita mlango kwa mlango, "Tofi! Tofi!" Na kila mlango alioufikia ulikuwa umefungwa kwa ndani, mchana ule wa jua kali.

Tofi alikopelekwa nitawaandikia juma lijalo; kwa leo, akina mama wenzangu, haya yaepukeni. Nayaandika mojamoja ili hata anayesomewa na mtoto ayashike.

Epukeni kumpa mbwa matobolwa makavu, hata akililia.

Epukeni kumlisha mtoto wa mtu, au mbwa wa mtu, kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Epukeni kumpa haluli anayeharisha. Hili ni kwa watu pia.

Epukeni kuchekecha kisicho unga mahali askari anapopita.

Epukeni kuficha kosa kwa ajili ya jina la mama yenu. Mama atawasamehe, lori halisamehi.

Epukeni kukanusha uvumi bombani. Kanusheni nyumbani, mlango umefungwa, kwa sauti ndogo.

Epukeni sifa za Memsabu.

Na mkiachiwa mbwa, msiende misa wote.